Kopo Jeupe

Siku ambayo Bavo hakurudi nyumbani, bia yake ilikuwa imeshamiminwa.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Kengele ya geti la reli ikilia, Griet alijua kwamba ng'ambo ya pili wanaume wawili wameegemea baiskeli zao, wakisubiri treni ipite. Alishusha glasi ya Bavo kwenye ndoano yake juu ya kaunta, akaisuuza kwa maji baridi, akaiinamisha chini ya bomba, akalikata povu kwa kisu. Treni ikishapita, mlango wa baa ulifunguka. Bavo aliingia akinuka upepo na jasho, akazunguka kaunta, akambusu mkewe mdomoni mbele za watu, ndipo akaichukua glasi na kuinyanyua kuelekea pembeni alikokaa baba yake. "Maisha marefu, baba." Na mzee Achiel, aliyepika bia ya Roeland kiwandani tangu ujana mpaka kustaafu, alijibu kwa kutikisa kichwa, kama mfalme.

Jumapili ile ya Aprili kengele ililia, treni ikapita, mlango ukafunguka. Aliyeingia ni Lander, mwenzake wa baiskeli, peke yake. Viatu vyake vya baiskeli viligonga vigae, ko, ko, ko, kisha vikanyamaza. Kofia ngumu alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Griet," alisema.

"Mwanangu yuko wapi?" Achiel aliuliza kutoka pembeni.

Chini ya kilima Bavo alishuka kwenye baiskeli akasema anapumzika kidogo. Aliketi nyasini kando ya barabara. Moyo wake ukasimama hapohapo, na alikuwa hajatimiza hata miaka arobaini. Griet aliyasikia yote hayo macho yake yakiwa kwenye ile glasi. Povu lilikuwa likishuka, likishuka, mpaka bia ikabaki bila povu, tambarare kama mkojo, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Tangu siku hiyo glasi ya Bavo haikushuka tena kwenye ndoano. Na tangu siku hiyo Achiel hakumsemesha Lander.

Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka uliofuata, Jumapili baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Maua ya vyunguni yalikuwa bado mabichi makaburini, na Griet hakuweza kutulia. Alifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. Alipanga viti, akavipangua. Alikwenda dirishani, akarudi, akasahau alichokwenda kutazama. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kama njiwa wa Zulma, mteja wao wa siku nyingi, wanapofungiwa kwenye kikapu kabla ya mashindano.

Sababu yake alikuwa ameisikia asubuhi hiyohiyo. Lander alikuja mapema kumsaidia kutundika pazia la jaribio la kuonja bia, lile la kila mwaka.

"Kiwanda cha bia cha Genk wamenipigia," alisema akiwa juu ya ngazi, mgongo umemwelekea. "Wananitaka kwenye mashine za kujazia chupa. Na nyumba wananipa. Wanataka jibu kesho."

"Genk ni mbali."

"Zulma anasema huko ni nchi nyingine. Ananiuliza kama nitahitaji pasipoti."

Griet hakucheka. Alimpa pini ya pazia, na vidole vyao vikagusana, vikakawia kuachana. Ilikuwa hivyo tangu majira ya joto. Kwanza alikuja kurekebisha bomba lililovuja. Kisha akaja kurekebisha bomba lisilovuja. Wakakaa wakizungumza habari za Bavo, halafu siku moja wakagundua wamezungumza mchana kutwa bila kumtaja, na wote wawili wakaona haya kama wezi.

Lander alishuka ngazi. Alisimama karibu, karibu mno, na macho yake ya kijivu yakamtazama bila kukimbia.

"Ukiniambia nibaki, nitabaki. Ukinyamaza, nitajua."

"Utajua nini?"

"Kwamba nimechelewa. Au nimewahi. Sijui lipi baya zaidi."

"Lander, baba mkwe wangu anakaa ghorofani. Nyumba ni yake. Kila siku anaketi pale."

"Sikuulizi habari za nyumba."

Griet akanyamaza. Lander naye akaitikia kwa kichwa, akaenda kujitengenezea kahawa.

Jaribio la makopo lilianzishwa na Bavo mwenyewe, kwa utani. Kila mtu alileta bia moja rahisi, ya aina ile inayouzwa supamaketi kwa kreti, ile unayonunua ukiwa na sherehe ya kipaimara na ndugu wengi. Zilimiminwa nyuma ya pazia, kwenye glasi tupu za haradali zilizooshwa, zote sawa. Glasi ya bia yenyewe ingetoboa siri, maana kila bia ina glasi yake, na ukiiona glasi umeshaijua bia kabla hujaionja. Waonjaji walifungwa macho kwa vitambaa vya mezani. Aliyekosea zaidi alifua vitambaa.

Kazi ya kumimina ilikuwa ya Griet siku zote. Yeye mwenyewe bia hakuwa akinywa. Alikuwa amezaliwa nyuma ya kaunta ya mama yake, na harufu ya bia ilimtosha. Lakini leo Zulma, yule mama wa njiwa mwenye sauti ya tarumbeta, aliketi, akakitazama kiti kilicho wazi mezani, akasema, "Hapana. Mwaka jana hatukufanya, nikanyamaza. Leo siketi karibu na shimo. Griet, njoo ukae."

"Mimi sinywi, Zulma."

"Utakunywa. Lander atamimina, mikono anayo."

"Kiti hicho ni cha Bavo," Achiel alisema.

"Na huyu ni mke wa Bavo," Zulma alijibu. "Unataka tumweke nani, paroko?"

Odilon, aliyekuwa na bucha zamani na sasa alikuwa na gauti ya miguu, alishaanza kula jibini ya wageni. "Mwache aketi, Achiel. Angalau tutakuwa na mtu wa kushindwa badala yangu. Mimi nimechoka kufua vitambaa."

Griet akaketi. Kitambaa kilipofungwa machoni mwake, alivijua vidole vilivyokifunga. Vilisogeza nywele zilizonaswa kwenye fundo kisogoni, na joto lake likampanda shingoni. Alishukuru kwamba na wengine wamefungwa macho.

"Ya kwanza," Lander alisema.

Griet alikunywa. Chungu, na nyuma yake kitu kama chuma kilichonyeshewa mvua.

"Hii hata farasi wangu angeirudisha dukani," Odilon alisema.

"Huna farasi."

"Ndiyo maana nimebaki na akili."

"Kopo la kijani," Achiel alisema kwa mkato, sauti ya mtu asiye na haja ya kubahatisha. "Wanaharakisha. Haijalala pipani vya kutosha."

Ya pili ilikuwa tamu, tamu ya mahindi, ikakaa kwenye ulimi kama pipi inayonyonywa kwa siri kanisani. Zulma aliipenda. Odilon akamwambia anapenda kila kitu kinachomfanya apige mbweu. Ya tatu Griet aliijua bila kuinywa, kwa harufu tu. Mkate uliookwa, na ukali kidogo puani. Hiyo ilikuwa Roeland, bia ya bomba lake mwenyewe, bia ya nyumba.

"Hii hapa," Achiel alisema, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hii inajulikana. Hii ndiyo mwanangu aliyokunywa maisha yake yote, wala hakugusa nyingine."

Nyuma ya pazia glasi iligongana na glasi.

"Ya nne," Lander alisema, taratibu.

Achiel alitangulia. Griet alimsikia akimeza, akikohoa, akiitua glasi kwa kishindo.

"Maji ya kuoshea mapipa! Kopo jeupe la supamaketi. Nani kaleta takataka hii? Mtu anayekunywa hii hakulelewa na baba."

"Mimi nimeileta," Lander alisema.

"Nilidhani hivyo," Achiel aliiambia meza.

Griet alinyanyua glasi yake. Ilikuwa nyepesi, baridi, karibu haina kitu. Kisha pembeni mwa ulimi kikaja kitu kidogo, ganda la limau, nyasi, na kitu cha mwisho kisicho na jina. Mkono wake ukasimama hewani.

Hakuwa amenywa bia. Alikuwa amebusiwa.

Alikuwa akisikia kengele ya reli, akisikia viatu vya baiskeli, akisikia ndevu za siku mbili kwenye shavu lake. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akilala na fulana ya Bavo mpaka ikaacha kunuka. Alikuwa ameanza kuisahau sauti yake, na usiku alijilaumu kwamba uso unaomjia ni wa mtu mwingine. Na kumbe ladha ya mdomo wa mumewe, ile aliyoiita ladha ya Bavo, aliyodhani ni ya damu na ngozi yake, ilikuwa imekaa supamaketi kwenye rafu ya chini muda wote huu.

Machozi yalilowesha kitambaa kabla hajajua kwamba analia.

"Griet?" Zulma alimshika kiwiko. "Ni nini, mwanangu?"

"Ni Bavo," alisema. "Hii ni Bavo."

Odilon alishusha kitambaa chake kwanza. Kisha wote. Lander alikuwa ametoka nyuma ya pazia, kopo jeupe mkononi, uso umemwiva.

"Unasema nini?" Achiel aliuliza.

"Jumapili. Akiingia. Akinibusu kabla hajainywa Roeland. Alikuwa hivi." Aligusa midomo yake. "Hivi hasa, baba."

"Mwanangu hakunywa hiyo."

"Mzee Achiel," Lander alisema.

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Tulikunywa hii gerejini kwangu, ng'ambo ya reli, kila Jumapili. Kopo moja moja, tumekaa juu ya matairi. Ndipo tukaja huku."

Achiel alisimama. Alikuwa mrefu bado, na mikono yake, iliyopigwa na mvuke wa miaka mingi, ilishika ukingo wa meza.

"Kwa nini? Bia ya baba yake ilikuwa inamngoja hapa. Imemiminwa! Kwa nini?"

"Alisema Roeland ni nzito kwa mtu aliyeshuka kwenye baiskeli. Basi. Si kwamba hakuipenda. Alikuwa na kiu."

"Angeniambia."

"Angekuambia lini?" Zulma aliingilia, na safari hii sauti yake haikuwa ya tarumbeta. "Wewe, Achiel, ulimfukuza shemeji yako kwenye harusi kwa ajili ya kreti la bia ya watu wengine."

"Ndiyo maana alikuwa akiiacha nusu," Griet alisema, kama mtu anayejisemea. "Kila mara aliacha nusu, na wewe uliimalizia."

Hapo mzee aliketi. Hakuketi kama mtu anayeketi, alishuka kama gunia lililokatwa kamba. Odilon aliendelea kutafuna, kwa sababu Odilon akiwa na huzuni ndipo hula zaidi.

"Siku ile," Achiel alisema. Alikuwa akiangalia meza, lakini maneno yalimwendea Lander, na kila mtu chumbani alijua hivyo. "Siku ile pia alikunywa?"

"Hapana. Siku ile hatukufika gerejini." Lander aliliweka kopo mezani. "Pale nyasini alisema, 'Tangulia ukayatoe makopo kwenye friji, ninakuja.' Sikutangulia. Nilikaa naye. Nilimshika mkono mpaka wakaja."

Mwaka mzima na miezi, Achiel alikuwa akisema baa nzima isikie kwamba yule alikwenda na mwanawe akarudi peke yake. Hakuwahi kuuliza kilichotokea katikati. Sasa alijiuma mdomo, akaivuta ile ya nne karibu yake, ile glasi ya haradali aliyoitua kwa kishindo, akanywa tena, polepole, macho wazi.

"Maji," alisema.

Akanywa funda jingine.

"Maji baridi ya mtu mwenye kiu." Alifuta masharubu. "Griet. Shusha glasi yake."

"Baba?"

"Ishushe. Imimine hii."

"Achiel!" Odilon aliacha kutafuna. "Bia ya supamaketi kwenye glasi ya Roeland? Wewe?"

"Kula jibini yako."

Griet alikwenda nyuma ya kaunta. Aliifikia ndoano, akaishusha glasi, ikiwa na vumbi kwenye ukingo, akaisuuza kwa maji baridi, akaiinamisha. Lander alikuwa amesimama ubavuni mwake na ndiye aliyemimina. Povu lilipanda. Griet akalikata kwa kisu.

Achiel alikunywa nusu. Nusu aliiacha. Kisha akachukua kofia yake, akapita mbele ya Lander bila kumpa mkono wala kumtazama, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake, na ngazi zikalia moja baada ya nyingine chini ya uzito wake.

"Mkono hakumpa," Odilon alinong'ona.

"Kampa glasi," Zulma alisema. "Vaa koti, twende. Mapenzi ni kikohozi, Odilon, na humu ndani kuna mtu amejizuia kukohoa tangu asubuhi. Vitambaa utafua wewe."

"Mimi? Mbona nimepata moja!"

"Umetaja farasi."

Mlango ulipofungwa nyuma yao, walibaki wawili na glasi za haradali. Nje kulikuwa bado na mwanga, ule mwanga mwembamba wa Novemba unaoonyesha vumbi lote. Griet alianza kuosha. Aliosha haraka, akavunja moja, akaendelea.

"Sikujua," Lander alisema. "Naapa. Nilileta kopo hilo kwa sababu nisingeweza kuja na jingine. Kama ningejua litakuumiza..."

"Halikuniumiza. Nilidhani amekwisha. Nilidhani ninamfuta kila ninapokutazama wewe." Alizima maji. "Kumbe hafutiki. Wanamwuza kwa kreti."

Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. Lander alipiga hatua, akasita.

"Bado hujanijibu," alisema.

"Nenda Genk."

Griet aliona jinsi uso wa Lander ulivyojifunga, kama duka linaloteremsha mlango wa chuma. Akamshika mkono wa shati kabla hajageuka.

"Nisikilize. Hapa wewe utabaki yule aliyerudi peke yake. Hata kama mzee atakusamehe. Na mimi ni mjane wa Bavo kwa mwoka mikate, mjane wa Bavo posta, mjane wa Bavo mpaka kwa njiwa wa Zulma. Siwezi kukupenda nikiwa naangaliwa na kila dirisha. Nataka nikuone mahali ambapo watu hawajui tulitoka wapi. Nenda. Chukua hiyo nyumba. Nitakuja."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Na baa?"

"Sijui."

"Na mzee?"

"Sijui, Lander! Niulize kitu ninachokijua."

Lander alimtazama. Alikuwa na tone la maji ya sabuni kwenye nyusi, na Griet akalifuta kwa kidole gumba, na kidole kikabaki pale.

"Unanitaka?" Lander aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hilo ninalijua."

Akambusu. Griet alikuwa akiliogopa busu hilo tangu majira ya joto. Zaidi aliliogopa sasa, kwa hofu mpya ambayo asubuhi hakuwa nayo, kwamba atafumba macho na kukutana na kopo jeupe. Lakini Lander alikuwa mmiminaji siku hiyo, hakuonja tone. Mdomo wake ulikuwa na kahawa, na mbegu ya iliki kutoka kwenye biskuti, na chini ya hivyo kitu kingine ambacho Griet hakuwahi kukionja kwa mtu yeyote. Hakufumba macho.

Kengele ya reli ililia. Wote wawili walishtuka, wakatazama dirishani, kama walivyozoea. Geti lilishuka, treni ikapita, geti likapanda. Ng'ambo hakukuwa na mtu.

Juu yao ubao wa sakafu ulilia. Mzee alikuwa akitembea. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena, na Griet alimsikiliza mpaka kahawa waliyojimiminia ikapoa, kwa maana hata yeye Griet hakuweza kuketi.

Lander anaishi Genk sasa. Ijumaa mchana Griet huvua aproni yake, akaitundika kwenye msumari, akapanda treni ya kwenda mashariki. Siku hizo anayesimama nyuma ya kaunta na kumimina bia ni Achiel.